Kahawa Hailetwi kwa Amri

Mwaka 2017 tulikwenda Dar es Salaam kwa mafunzo ya miezi mitatu. Wakati huo tulikuwa tumekwisha fundisha Kiswahili kwa miaka kumi na miwili katika shule moja ya sekondari nchini Uganda, na wanafunzi wetu kadha wa kadha walikuwa wamefaulu mitihani yao. Kwa hiyo hatukuwa na wasiwasi juu ya lugha. Tuliogopa joto, mbu na upweke tu. Tulipanga chumba Kariakoo, karibu na Mtaa wa Narung'ombe, na jioni ya kwanza tukatoka kutafuta mahali pa kunywa kahawa.

Huenda msomaji akastaajabu kwamba mtu wa Uganda asafiri mpaka pwani ndipo atafute kahawa. Nchi yetu ni miongoni mwa nchi za Afrika ziuzazo kahawa kwa wingi kabisa, na ile iitwayo robusta ni mmea wa asili wa misitu ya kwetu. Hata hivyo, nyumbani aghalabu twanywa chai. Kahawa tuliyokulia sisi ni ya kutafuna: buni huchumwa zingali changa, zikachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikaanikwa, na mgeni akifika hutiwa chache kiganjani kabla hajaulizwa haja yake. Zamani, watu wawili wa Buganda waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana walipasua tunda moja la kahawa, ambalo kwa desturi huwa na punje mbili, na kila mmoja akala punje iliyopakwa damu ya mwenzake. Basi kwetu kahawa ni jambo la watu wawili au zaidi, na mtu aliye peke yake mjini huikumbuka upesi.

Tulimwuliza kijana mmoja, kwa ufasaha wote wa vitabu vyetu, "Tafadhali, mkahawa uko wapi?" Akatuelekeza kwa adabu. Tukakuta chapati, maharage, supu na chai ya maziwa, lakini kahawa haikuwapo. Jioni ya pili tukauliza tena, tukapelekwa penye wali na samaki. Jioni ya tatu hatukuuliza mtu. Tulisikia mlio wa vikombe vikigonganishwa, tukaufuata hadi pembeni mwa mtaa. Hapo palikuwa na mtu mmoja, dele lake la shaba likiwa juu ya makaa, ndoo ya maji ya kusuuzia vikombe, sinia la kashata, na mabenchi mawili yaliyojaa wazee. Hapakuwa na mlango wala kibao cha jina. Kitabu kilikuwa kimetufundisha "mkahawa". Wenyeji wakatuambia kwamba pale ni "kijiweni".

Tuliketi ukingoni mwa benchi, tukasema, "Lete kahawa."

Muuzaji alimimina bila neno. Mzee mmoja mwenye kofia ya kazi ya mkono akatugeukia, akasema kwa upole, "Karibu, mgeni. Lakini hapa kahawa hailetwi kwa amri. Huombwa." Kisha akauliza tunatoka wapi. Tulipojibu, akawatazama wenzake, akasema, "Kumbe Mganda! Mganda wa mpunga, au wa mtama?"

Benchi zima likacheka. Sisi tukaanza kueleza, kwa utaratibu, kwamba Uganda ina makabila mengi, na kwamba si kila mtu wa Uganda ni Mganda, ingawa sisi kwa bahati ndivyo tulivyo. Kadiri tulivyoeleza ndivyo walivyozidi kucheka. Usiku ule tulifungua kamusi chumbani, tukakumbushwa kwamba mganda ni fungu la mabua ya nafaka lililofungwa pamoja. Neno tulilijua, na bado tulikuwa tumelifundisha somo la uraia.

Hata hivyo si mzaha huo uliotunyima usingizi, bali lile neno "lete".

Walimu wenzetu wa Uganda watatuelewa. Kiswahili kilienea kwetu kwa njia nyingi, lakini wengi walikisikia kwanza kutoka kwa askari, tangu enzi ya jeshi la kikoloni. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, na watu wakazidi kukiunganisha na bunduki. Simama. Toka. Lete. Mwanafunzi wetu mmoja alikuwa ametuambia kwamba bibi yake humkataza kabisa kusema Kiswahili nyumbani, kwa kuwa usiku mmoja wa miaka ile lugha hiyo ilisemwa mlangoni pake, mumewe akatoka nje, na hakurudi tena. Tulimjibu mtoto yule kwamba lugha haina kosa. Jibu lilikuwa sahihi, lakini halikumsaidia bibi, wala halikutuzuia sisi wenyewe kwenda ugenini na kuomba kahawa kama askari wa zamu.

Jioni ya nne tulirudi kijiweni. Tukasema, "Shikamooni, wazee," wakaitikia marahaba. Tukasema, "Naomba kahawa," tukapewa, chungu, yenye tangawizi, katika kikombe kidogo kisicho na mkono. Tangu siku hiyo hatukukosa hata jioni moja, isipokuwa mbili tulipokuwa na homa. Tulipotokea baada ya homa, muuzaji alituambia kwamba wazee wamekuwa wakituulizia. Tukahisi kwamba sasa tuna mahali petu mjini.

Tulichojifunza pale hakikuwa katika muhtasari wowote wa mafunzo. Kijiwe kile kiligawanyika baina ya mashabiki wa Simba na wa Yanga, timu mbili zilizoanzishwa katika miaka ya 1930 na ambazo hazijaacha kutaniana hata leo. Maneno waliyorushiana wazee wale yangeweza kuvunja ndoa. Lakini tuliwaona, siku iliyofuata, wakichangiana nauli ya kwenda msibani. Tukaelewa kwamba utani ni sarufi yenye kanuni zake: nani amtanie nani, wakati gani, na kwa kiasi gani. Tena mtu hutaniwa kwa kuwa amehesabiwa.

Katika juma la tatu, yule mzee mwenye kofia alituuliza tena mbele ya watu, "Je, umekwisha jua? Mganda wa mpunga, au wa mtama?"

Tukajibu, "Mganda uliokosa kamba, mzee. Umekuja kwenu kufungwa."

"Amekuja kufungwa!" akapaza sauti, akielekeza kidole benchi la pili. "Basi huyu ni wa timu yenu!"

Walicheka mpaka muuzaji akaweka dele chini. Kicheko kilipotulia, mzee mmoja mkimya, mwenyeji wa Bukoba, alitia mkono mfukoni, akatoa kifurushi kidogo, akakifungua. Zilikuwa buni za kutafuna, kwani Wahaya nao wana desturi hiyo kama sisi. Akatutilia chache kiganjani, akasema, "Tafuna, jirani." Tulikuwa tumetembea mji mzima kutafuta kahawa ya pwani, na mwisho tukapewa ya nyumbani.

Tuliporudi shuleni tulibadili jambo moja tu. Katika daftari letu la masomo, vitenzi vya amri vilikuwa somo la nne, na maombi yalikuwa somo la kumi na tisa. Tulianza na maombi. Juma zima darasa lilisema "naomba", wakiombana kalamu, nafasi, na msamaha. Mwishoni mwa juma yule mwanafunzi wetu alikwenda nyumbani, akapiga magoti mbele ya bibi yake, akasema, "Shikamoo, bibi. Naomba maji."

Alituambia kwamba bibi hakujibu neno. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaenda akamletea maji.

Tangu mwaka 2005 katiba yetu imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kifundishwe kwa lazima shuleni. Twashukuru. Lakini sheria nayo ni amri, na mabibi wa aina hii wamekwisha sikia amri za kutosha. Iliyobaki ni kazi yetu walimu.

Nawe mwalimu mwenzetu, ikiwa siku moja utafika Kariakoo, usiulize mkahawa uko wapi. Sikiliza mlio wa vikombe. Ukifika, salimia kwanza, kisha omba.