Ungeanza Upya, Ungerudi Chuo Hikihiki?

Ndugu zangu, mnaokaribia kumaliza huenda mkaletewa dodoso la NSSE, lile la Chuo Kikuu cha Indiana lililoanza mwaka 2000. Swali lake moja: ungeanza upya, ungesoma chuo hikihiki? Wamarekani ninaoishi nao hapa Jeffersontown walijibu chapchap. Mimi lilininyima usingizi, maana mdogo wangu kule Moshi anataka kuja, na mzee yuko tayari kuuza shamba.

Masomo sina ugomvi nayo. Mwalimu unambishia na bado anakukaribisha ofisini! Ila dodoso haliulizi nani aliuza nini ili usome. Viza ya F-1, bila kibali maalumu, inaruhusu kazi za chuoni tu, saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea. Nje ya hapo ni kubeba boksi kwa kujificha, na ukikamatwa kwisha habari yako. Ukihitimu unapewa miezi 12 ya kazi (watu wa sayansi na uhandisi wanaweza kuongezewa 24), halafu?

Kwenye fomu niliweka "bila shaka ndiyo". Mdogo wangu nimemwambia aanzie Mlimani, huku aje kwa shahada ya pili akipata chuo cha kumlipia ada. Kanuna, hapokei simu. Shamba bado lipo.