Pa Kukata Jina: Mofolojia ya Majina ya Faili

Neno mhola, ambalo mgeni hulisikia mapema katika salamu za Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, humtega anayejua Kiswahili peke yake. Huiona m- mwanzoni, akaitenga kana kwamba ni kiambishi ngeli cha kawaida. Katika tahajia ya Kisukuma, mh huwakilisha sauti moja, nazali yenye mpumuo. Anayekata hapo hukata katikati ya sauti.

Kosa la namna hiyo hutokea pia katika kompyuta, hasa mtu anapobadilisha zana ya kujengea programu. Ichukuliwe kwamba mwalimu mmoja wa Mhunze ameandika programu ndogo ya msamiati wa Kisukuma, na sehemu inayotafuta maneno ameifanya maktaba iitwayo mhola. Kwa muda mrefu ameijenga kwa make, zana aliyoibuni Stuart Feldman katika Bell Labs mwaka 1976. Ameandika jina zima kwa mkono, libmhola.so, nayo make imelipokea lilivyo. Kisha anahamia CMake, iliyoanzishwa mwaka 2000, na kulinakili jina libmhola. Zana hii ina sarufi yake: kwenye Linux huongeza lib yenyewe. Kinachotoka ni liblibmhola.so. Ni sawa na mtu aliyepewe neno kisu, asitambue kuwa ki- imo tayari, akasema kikisu.

Akiandika mhola tu, Linux humpa libmhola.so na Windows, kwa kompaila ya Microsoft, humpa mhola.dll. Mzizi ni mmoja, viambishi ni vya mifumo miwili. Uhamishikaji wa programu hutegemea jambo hilo: mwandishi ataje mzizi, mofolojia aiachie zana.

Yako majina mengine ambayo CMake imejitengea, kama vile test, clean na install. Anayeliita lengo lake jaribio hukwepa mgongano huo bila hata kujua, na hiyo ni faida ya Kiswahili isiyotajwa sana makongamanoni. Herufi kubwa ni mtego mbaya zaidi. Kwenye Linux, Mhola.c na mhola.c ni faili mbili. Windows, kwa kawaida yake, huzihesabu kuwa moja. Zikihamishwa, moja huweza kuifunika nyingine, na zana ikalalamikia jambo lisilohusiana kabisa na chanzo cha hitilafu.

Jina lenye uzito kuliko yote, hata hivyo, ni la lugha yenyewe, maana tafsiri nazo ni faili na huchaguliwa kwa majina. Katika ISO 639-3, Kiswahili kwa ujumla ni swa; chini yake zimo swh na swc, hii ya pili ikiwa ni Kiswahili cha Kongo. Mkusanyo wa CLDR, ambamo mifumo mingi huchota data za lugha, uliwahi kukiweka Kiswahili hicho chini ya swc, kisha ukakihamishia sw-CD. Badiliko hilo si dogo kama linavyoonekana. Kanuni ya kawaida ya urithi hukata jina kutoka mwisho: sw-CD ikikosa neno, huliomba kwa sw. Jina swc halina pa kukatwa, hivyo undugu wake na sw hauonekani mpaka mtu auandike mahali pengine.

Mwalimu wa Mhunze anakabiliwa na tatizo hilo kwa ukali zaidi. Kisukuma ni suk. Ikiwa maneno ya msingi ya programu yake yako kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi, na tafsiri zake anazihifadhi kwa gettext, basi neno ambalo halijatafsiriwa kwa Kisukuma litajitokeza kwa Kiingereza, ijapokuwa tafsiri ya Kiswahili imo ndani ya programu hiyohiyo na wanafunzi wake wanaisoma bila shida. Hakuna herufi katika suk inayosema kwamba Msukuma wa Kishapu anajua Kiswahili. Hana budi kuupanga ujirani huo mwenyewe, LANGUAGE=suk:sw, na kuuandika upya katika kila kompyuta ambako programu inahamishiwa.