Kwaluguru: Ligeuze bizimu la bibi kabla hujapokea hela ya mtu

Ukitaka kujua kwamba umeingia Uzigua, usiulize mtu, soma vibao. Kwamkono, Kwamatuku, Kwachaga, Kwamsisi, Kwaluguru. Kila mahali ni kwa fulani, utadhani nchi nzima ni ya ndugu na wewe mgeni unakatiza uani kwao.

Nilishukia Korogwe asubuhi, nikawachomoka wapiga debe na wauza machungwa, nikadaka gari la Handeni. Kilomita kama 65 hivi, lami tupu, si enzi zile za kufika umebadilika rangi kwa vumbi. Stendi niliulizwa mara mbili kama naenda kwa mganga. Ndio sifa tuliyowapa wenzetu wa Handeni, mgeni akionekana na begi tu basi anakwenda kutafuta dawa. Hapana jamani, nilikuwa naenda kuangalia kopo. Kutoka Chanika, ambako ndiko Handeni mjini, nikakodi pikipiki mpaka Kwaluguru.

Kopo lenyewe ni la biskuti, la bati, picha yake imeshafutika. Ni la bibi yake rafiki yangu. Ndani kuna mapambo aliyoachiwa na mama yake, na mengine ya mama wa mama yake. Mjukuu wake wa kike kachaguliwa kidato cha tano, shule ya mbali, godoro halipo, tranka halipo, nauli haipo. Kijana mmoja mnunuzi akapita na pikipiki yake, mzani mdogo mfukoni, akasema kopo zima atatoa shilingi 30,000. Bibi alikuwa ameshakubali nusu. Rafiki yangu akanipigia: wewe si unajifanya unajua vitu vya kale, njoo.

Kabla sijalifungua, nikueleze msomaji kwa nini kopo kama hilo likutwe huku porini na si Kariakoo. Uzigua haikuwa porini. Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilipita pande hizi ikitokea na kwenda Pangani na Saadani, na kilichobaki njiani kilikuwa shanga, vitambaa, shaba na fedha. Halafu akaja Mjerumani na mkonge, akaja na reli yake ya kutoka Tanga iliyofika Korogwe mwaka 1902. Mashamba yakataka watu, watu wakalipwa kwa rupia. Kuanzia 1904 rupia moja ilikuwa na heller 100, na hapo ndipo tulipolipata neno hela tunalolililia kila siku. Juni 1916 Mwingereza akaziteka Korogwe na Handeni, rupia zikaanza kupitwa na wakati. Sarafu isiyonunua kitu dukani akina mama waliifanyaje? Waliitia kikonyo wakaivaa shingoni.

Haya, kopo likafunguliwa. Kwanza likatoka bizimu. Wengine wanaita bruchi, wengine pini ya kifuani, ile ya kubania mtandio. Kubwa kama kiganja cha mtoto, mawe mekundu na ya kijani, linawaka juani kama taa za disko. Bibi akasema, "Hili ndilo alilolisifia yule kijana. Alisema hizi sarafu nyeusi ni chuma chakavu, ananunua kwa ajili ya hili tu."

Nikatabasamu. Mnunuzi mjanja hasifii anachokitaka. Anakipiga teke.

Bizimu halisomwi usoni, linasomwa mgongoni. Uso unaweza kutengenezwa ukameta, mgongo hausemi uongo. Tazama kwanza pini inavyofungwa. Kama ncha ya pini inaingia kwenye kindoano cha wazi tu, hakuna kifuniko cha kuizuia isichomoke, na ncha yenyewe inapitiliza ukingo wa bizimu, basi huenda ni la kabla ya 1900 au miaka michache baadaye. Kama kuna kikomeo kidogo cha kuzungusha kinachoifungia pini ndani, hilo ni la karne ya 20. Lakini angalia sana, kikomeo kipya huunganishwa kwenye bizimu la zamani, na mafundi wa siku hizi nao wanaiga kindoano cha zamani. Ukiona uji wa risasi umemwagika kwenye maungio, jua limeshapita kwa fundi wa baiskeli.

Halafu tafuta maandishi. Hapa akina mama wengi wanaingizwa mjini. EPNS si fedha, ni mchanganyiko wa shaba na nikeli uliopakwa fedha juu kwa umeme. Alpaca nayo si fedha. Sterling au 925 ndiyo fedha. La bibi lilikuwa na neno dogo ambalo tulilisoma kwa kulielekeza juani: Czechoslovakia. Nchi hiyo ilizaliwa 1918 na ikafa mwisho wa 1992, kwa hiyo hakuna mtu atakayekudanganya kwamba bizimu hilo ni la zama za misafara. Mji wa Jablonec ulioko huko ndio uliokuwa kiwanda cha vioo vya mapambo duniani, na shanga zake zilimiminwa Afrika kwa magunia. Baada ya vita ya pili mafundi wenye asili ya Kijerumani walifukuzwa kule, wengi wakaenda kuanza upya Kaufbeuren, Ujerumani. Ndio maana utakuta mabizimu mawili yanafanana kama mapacha, moja limeandikwa Czechoslovakia na jingine Western Germany. Ni mikono ile ile imehama nyumba.

Mawe je? Yagusishe mdomoni. Kioo ni baridi, plastiki ina uvuguvugu. La bibi ni kioo, tena yamepakwa karatasi ya kung'aa kwa nyuma, ndiyo inayoyapa ule moto. Maji yakiingia pale karatasi inakuwa nyeusi na jiwe linakufa, kwa hiyo usilitumbukize kwenye beseni la Omo. Mawe mawili yalikuwa yameshang'oka. Kwa kifupi ni bizimu zuri, la heshima, la kuvaa. Lakini kumaliza shida ya tranka, haliwezi. Wenye pesa wanaokusanya haya mapambo ya kioo wanataka lisilopungua jiwe, na wanapenda jina la mtengenezaji nyuma.

Bibi akanyamaza. Nadhani alinichukia kidogo.

Tukaja kwenye shanga. Kamba moja nyekundu, punje ndogo ndogo. Usizitazame ubavu, chungulia tundu. Nje nyekundu, ndani nyeupe: hizo ndizo sami-sami, ushanga uliotamba kwenye misafara. Richard Burton alipopita bara mwaka 1857 alikuta una majina ya utani, moja likiwa na maana ya kumaliza chakula, yaani watu walikuwa radhi kutoa akiba ya ghala ili waupate. Usijaribu kwa sindano ya moto kama wafanyavyo wengine. Plastiki itayeyuka kweli, lakini kama ni kioo umeshakitia ufa. Gonganisha punje mbili tu, kioo kinalia, plastiki haina sauti. Na usikate uzi ukauza punje moja moja. Kamba nzima ina bei, punje haina.

Kikuku kimoja kizito tukakipitishia sumaku ya spika ya redio mbovu. Kikanasa, chwaa! Chuma kilichopakwa shaba. Weka kando.

Mwisho zikabaki zile sarafu tatu nyeusi kama masizi. Moja kubwa, upana kama sentimita nne, mwanamke mnene mwenye shungi. Mwaka: 1780. Mjukuu akashtuka, "Ina miaka zaidi ya mia mbili!" Polepole. Hiyo ni riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka huo huo, na tangu hapo sarafu yake imeendelea kupigwa kwa tarehe ile ile, Vienna, Roma, London, Bombay na kwingineko, kwa sababu wafanyabiashara wa Uarabuni na Afrika walikataa sura nyingine. Tarehe haikwambii kitu. Walichokuwa wakikitazama wenyewe ni kwamba malkia ana bizimu begani, bizimu la kweli sasa, na walihesabu lulu zake: tisa. Ya kuigiza kwa kumimina huwa lulu zimerojeka kama uji. Sisi tulihesabu kwa ncha ya mwiba, tukapata tisa. Ubavuni mwa sarafu pana maandishi ya Kilatini yamezunguka. Bandia nyingi hazina. Uzito wake ni gramu 28, na fedha halisi ndani yake ni gramu 23 na kitu.

Hizo mbili ndogo ni rupia za Mjerumani, Kaiser amevaa kofia yenye tai juu. Moja ina simba na mnazi mgongoni, hiyo ni ya kampuni, kabla ya 1904. Kila rupia ina gramu 11.66, na fedha halisi inakaribia 10.7. Fedha haigusi sumaku. Kazi yako ni kuuliza bei ya gramu ya fedha siku hiyo, ukazidisha. Hiyo ndiyo sakafu, chini yake usishuke.

Juu ya sakafu hiyo usiote ndoto. Hapa nchini kuna matapeli wa rupia wanaosema eti ipo inayovuta mchele, inanunuliwa kwa mabilioni. Ukiambiwa hivyo, shika pochi yako. Rupia ya kawaida si adimu, na iliyotobolewa au kuunganishwa kikonyo mkusanyaji anaipunguza bei. Ile adimu ya kweli ni ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 wakati Mjerumani amebanwa na vita, vipande kama 16,000 tu. Mwaka huo huo Tabora walipiga pia heller 20 za shaba nyekundu na za shaba ya njano, na hizo za njano zikisuguliwa zinang'aa, kuna watu wanauziwa kama dhahabu.

Na suala la kusugua, tafadhali sana. Weusi ule si uchafu, ndio cheti cha umri. Majivu na steelwire ni za masufuria. Jambo jingine, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, kwa hiyo mgeni akitaka kukupitishia hirizi ya babu wa babu yako kwenye begi la uwanja wa ndege, aonyeshe kibali kwanza.

Kesho yake tulishuka Korogwe kwa sonara, na mzani wake tukauangalia wote. Rupia mbili peke yake zilipita bei ya kopo zima. Bibi akaziuza, godoro na tranka vikapatikana pale pale sokoni. Riale alikataa katakata, akaifunga kwenye pindo la khanga. Bizimu alilipokea mjukuu, akabania ushungi.

Jumamosi kijana wa pikipiki akarudi. Bibi akampa kigoda, akamwitia maji ya kunywa, halafu akamtolea kile kikuku.

"Hivi vingine ni chuma chakavu tu, mjukuu wangu," akamwambia. "Mimi nakuonea huruma, nakupa hiki kizuri."