Druidi wa Busia Hawezi Kuwa Dubu

Wasee, leo tuongee kuhusu druidi wa Dungeons & Dragons. Kwa sheria za 2014, ukifika levo ya pili unajigeuza mnyama mara mbili, unapumzika kidogo, unajigeuza tena. Ndiyo maana kila meza ina dubu. Dubu! Kutoka Malaba hadi Port Victoria, nani ashawahi kukutana na dubu?

Lakini hiyo ni ndogo. Shida kubwa ni kwamba druidi huyu hana kwao. Nguvu zake ni zile zile popote aendapo, na hakuna mwanakijiji anayemdai chochote.

Sasa cheki hapa jirani. Bunyore, kaunti ya Vihiga, kuna ukoo wa Nganyi, watu wa mvua tangu enzi za mababu. Wanasoma miti inavyopukutisha majani na kuchanua, wanasoma siafu, vyura na milio ya ndege. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ilikaa nao chini, wakalinganisha utabiri wao na kuwapa wakulima ujumbe mmoja. Huyo ndiye druidi! Na bado mtaani watu kama hao tunawaita wachawi, halafu jioni tunarusha dadu tukimshangilia mzungu wa kubuni mwenye fimbo.

Gemu nikiendesha mimi, sheria ni tatu.

Moja, druidi ana eneo lake. Akivuka mto Malaba kuingia Uganda, nguvu zinapungua mpaka wenyeji wampokee. Iteso wako pande zote mbili za mpaka, kwa hivyo mwenye ndugu ng'ambo anapokelewa haraka. Undugu unakuwa silaha.

Mbili, mvua ina gharama. Ukiiita ikusaidie vitani, kuna mama alikuwa ameanika mahindi. Atakuja kukuuliza, na utamjibu.

Tatu, ile sheria ya 2014 ati druidi havai deraya ya chuma, tupa kule. Milima ya Samia, hapa hapa Busia, ilisifika kwa wahunzi waliotoa chuma kwa udongo wao na kufua majembe. Chuma nacho ni ardhi.

Utaniambia druidi wangu ni mdhaifu. Sawa, lakini ana watu wa kumlilia akifa.

Haya, niambie hapo chini: druidi wako anatoka wapi? Usiniandikie "msituni". Taja msitu.