Karatasi ya Ridhaa na Hofu ya Kisu

Tangu Mapinduzi ya 1964, matibabu bila ya malipo yamekuwa ahadi kubwa ya serikali kwa Wazanzibari. Miaka ya karibuni tumeongezewa pia majengo: Mnazi Mmoja ina taasisi ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, na Lumumba sasa ni Hospitali ya Mkoa. Hayo ni ya kupongezwa. Lakini yupo mtu mmoja ambaye takwimu zetu hazimuoni, naye ni mgonjwa anayekesha usiku wa kuamkia upasuaji.

Miaka kadhaa nyuma nilimuuguza mjomba wangu aliyelazwa kwa ajili ya kupasuliwa ngiri, katika hospitali ambayo sitaitaja. Alikuwa nahodha wa jahazi, mtu aliyezoea kaskazi na kusi. Usiku ule aliniuliza: “Mwanangu, nusukaputi ikinishika, roho yangu itakuwa wapi?” Asubuhi aliletewa karatasi ya ridhaa. Alipotaka kujua atafanywa nini, alijibiwa, “Wewe mwanamme, mzee, usiogope.” Akatia saini, mkono unatetemeka.

Upasuaji ulikwenda salama. Hata hivyo, kwa wiki mbili alikataa kutembea, akiamini kila kichomi ni mshono unaachia. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba maumivu ya kuinuka ni ya kawaida.

Maelezo ya namna hiyo ni sehemu ya tiba. Mwaka 1964, madaktari wa usingizi wa Massachusetts General Hospital, mjini Boston, wakiongozwa na Lawrence Egbert, walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa 97 waliopasuliwa tumbo. Baadhi yao walielezwa mapema maumivu yatakuwa wapi na kwa nini, na wakafundishwa kupumua, kugeuka kitandani na kulegeza misuli. Hao walihitaji takriban nusu tu ya dawa kali za maumivu walizopewa wenzao, wakaruhusiwa kurudi nyumbani siku 2.7 mapema. Madaktari waliowaruhusu hawakujua nani alikuwa kundi lipi.

Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2016, yaliyokusanya tafiti 105, yalisema kwa tahadhari zaidi: maandalizi ya kisaikolojia huenda yakapunguza maumivu, huzuni na muda wa kulazwa, ingawa ushahidi wenyewe si imara sana. Hayakuona dalili ya madhara.

Kwetu, hata hivyo, vipo vizuizi viwili. Kwanza, mwenye hofu huonekana amepungukiwa na imani. Dua ni nguzo, nami siipunguzii hadhi yake. Lakini tawakali haijapata kukataza kuuliza. Ngamia hufungwa kwanza. Pili, ukimwambia mtu azungumze na mshauri nasaha, anasikia kwamba anapelekwa Kidongo Chekundu. Jina la hospitali yetu ya magonjwa ya akili tumeligeuza tusi, kisha tunashangaa watu wanapoficha dhiki zao.

Nitaambiwa hatuna wanasaikolojia wa kutosha. Ni kweli. Zimbabwe nayo ilikuwa nao wachache mno pale Dk. Dixon Chibanda alipoanza, mwaka 2006, kuwafunza akina bibi kusikiliza wenye sonona wakiwa wamekaa nao kwenye benchi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Basi muuguzi mzoefu wa wodi, akipewa mafunzo na muda, hawezi kukosa la kumwambia mgonjwa. Muda huo ndio unaopaswa kuandikwa katika mpangilio wa zamu, maana kisichoandikwa huachwa kwa hisani ya mtu.

Wanafunzi wangu huniuliza siasa imeingiaje hapa. Imeingia kwenye ile karatasi. Ridhaa ya mtu asiyejua anachokiridhia ni ridhaa gani? Mwananchi aliyezoea kutia saini bila ya kuelezwa akiwa kitandani, atatia saini hivyo hivyo kwenye ofisi ya ardhi na mahakamani. Ninachokiomba Wizara ya Afya ni kidogo: karatasi ya ridhaa isomwe na ifafanuliwe jioni, kwa Kiswahili cha nyumbani, jamaa mmoja akiwapo, na mgonjwa apewe nafasi ya kuuliza hata lile la roho.