Danube: Kuingia Mijini kwa Mlango wa Mbele

Miji mikongwe ya Ulaya ya kati ilijengwa ikiutazama mto. Kabla ya reli, chumvi, nafaka, mvinyo na majeshi vyote vilipita majini, na mtawala aliyetaka kujulikana alisimamisha kasri au kanisa lake mahali ambapo mabaharia wangeliona kwanza. Anayefika Budapest kwa ndege hupokewa na maghala na vituo vya mafuta. Anayefika kwa meli ya mtoni huingia kwa mlango wa mbele: Bunge upande mmoja, kasri la wafalme upande wa pili, na madaraja yakipita juu ya kichwa chake moja baada ya jingine.

Kwa anayepanga safari yake ya kwanza ya namna hii, mimi ningesema: nenda Danube, na katika Danube chukua kipande cha Passau hadi Budapest. Mto wenyewe una urefu wa kilomita zipatazo 2,850, kutoka Msitu Mweusi wa Ujerumani hadi Bahari Nyeusi, na unagusa nchi 10. Huna haja ya kuumaliza. Kipande hiki ni kama kilomita 580 tu, kinatosha kwa wiki moja, na ndani yake mna Ujerumani, Austria, Slovakia na Hungaria.

Passau ni mji wa mito mitatu. Inn unashuka kutoka milima ya Alps ukiwa na maji ya kijani yaliyopauka, Ilz unatoka misituni ukiwa mweusi, na Danube unapita katikati. Panda hadi ngome ya Veste Oberhaus uone maji ya rangi tofauti yakienda ubavu kwa ubavu kabla ya kuchanganyika. Kisha tazama ukuta wa ukumbi wa mji, ambako vimechorwa vina vya mafuriko ya karne nyingi. Yale ya mwaka 2013 yalizidiwa na ya mwaka 1501 peke yake. Ukipata nafasi, sikiliza kinanda cha Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano, chenye mabomba karibu 18,000.

Chini ya Passau mto unajikunja kati ya vilima vya misitu, unapita Linz, kisha Mauthausen, ambako Wanazi waliendesha kambi ya mateso kuanzia 1938 hadi 1945. Kambi hiyo sasa ni mahali pa kumbukumbu, na inafaa kutembelewa.

Halafu inakuja Wachau, na hapa ndipo safari nzima inapolipa. Ni bonde la kilomita 36 hivi, kati ya Melk na Krems, lililoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Juu ya mwamba wa Melk imekaa abasia ya rangi ya manjano. Watawa Wabenediktini wako hapo tangu 1089, wakifuata kanuni ile ile inayofuatwa na wenzao wa Peramiho na Ndanda, Tanzania, ingawa jengo linaloonekana leo ni la karne ya 18. Baada ya Melk, kuta za mawe zinapanda vilimani ngazi kwa ngazi zikishikilia mashamba ya mizabibu, na chini yake ipo miaprikoti ambayo huchanua mapema majira ya kuchipua na kuvunwa Julai. Dürnstein ina mnara wa kanisa wa buluu, na juu yake magofu ya ngome alimofungwa Mfalme Richard wa Uingereza, yule wa Moyo wa Simba, katika kipupwe cha 1192 akirudi kutoka vita vya msalaba. Aliachiwa baadaye kwa fidia kubwa ya fedha. Wakati huu usikae mezani ukila. Panda sitaha ya juu. Na kabla ya kulipia safari, soma ratiba: meli ipite Wachau mchana. Kuna zinazopita usiku, na abiria wake hulipia bonde wasiloliona.

Vienna inavunja kanuni niliyoanza nayo. Kati ya 1870 na 1875 mto ulichimbiwa njia mpya iliyonyooka ili kupunguza mafuriko, kwa hiyo meli hufunga gati mbali kidogo na mji wa kale, karibu na daraja la Reichsbrücke. Si tatizo: treni ya chini ya ardhi ya U1 inakufikisha Stephansplatz kwa dakika chache. Msomaji wa Afrika Mashariki asiache kushuka katika makaburi ya kifalme chini ya kanisa la Wakapuchini. Hapo amelala Rudolf, mrithi wa kiti cha Austria na Hungaria. Mwaka 1888 wapelelezi wawili, Sámuel Teleki na Ludwig von Höhnel, walifika kwenye ziwa kubwa la kaskazini mwa Kenya wakalipa jina la mwana mfalme huyo, kana kwamba Waturkana hawakuwa na jina lao. Liliitwa Ziwa Rudolf mpaka 1975, lilipoitwa rasmi Turkana. Höhnel mwenyewe alizaliwa Pressburg, ambayo leo ni Bratislava, kituo kinachofuata.

Bratislava ni mji wa kutembea kwa miguu. Gati liko pembeni mwa mji wa kale, na katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Martin walitawazwa wafalme wa Hungaria kuanzia 1563 hadi 1830. Chini ya Bratislava, kwenye malango ya maji ya Gabčíkovo, meli huteremshwa karibu mita 20.

Budapest ifikie usiku. Buda, Pest na Óbuda viliunganishwa kuwa mji mmoja mwaka 1873, na Daraja la Minyororo lilikuwa limekwisha kufunguliwa mwaka 1849. Bunge lina urefu wa mita 268 ukingoni mwa maji, na likiwashwa taa hakuna jengo mtoni linaloshindana nalo. Asubuhi tembea ukingo huo uone viatu vya chuma vilivyowekwa 2005 kuwakumbuka Wayahudi waliopigwa risasi hapo katika vita vya pili vya dunia.

Sasa mipango. Meli hizi kwa kawaida ni nyembamba, upana wa mita 11.4 hivi kwa urefu usiozidi 135, kwa sababu hujengwa ziweze kupita hata kwenye malango ya maji ya upana wa mita 12. Abiria kwa kawaida hawafiki 200, na kichefuchefu cha baharini hakipo. Chumba cha sitaha ya chini kina dirisha dogo lakini bei yake ni nafuu. Kibaraza cha bei kubwa kinaweza kutazama ubavu wa meli nyingine, kwani gatini hufungwa sambamba. Mei, Juni na Septemba ni miezi mizuri. Maji yakijaa meli hazipiti chini ya madaraja, na yakipungua, kama katika ukame wa 2018 na 2022, hukwama. Uliza kampuni, kwa maandishi, itafanya nini yakitokea hayo.

Nchi zote nne ziko katika eneo la visa ya pamoja la Schengen, hivyo visa moja inatosha. Iombe kwa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi. Zikilingana, kwa ile utakayoingia kwanza. Hesabu usiku kwenye ratiba ya meli. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90, bima ya matibabu isipungue yuro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari. Anayeendelea hadi Belgrade anatoka Schengen, kwa hiyo aombe visa ya kuingia zaidi ya mara moja. Kata tiketi ya ndege ya kwenda Munich, ili uanzie Passau, na kurudi kutoka Budapest, na ujue kwamba Hungaria inatumia forinti.

Ukiweza kugharamia safari moja tu ya mto Ulaya, fanya hii. Masharti yawe mawili: Wachau mchana, na usiku mmoja kamili Budapest. Ratiba isiyo na hayo mawili, iache hata ikiwa ya bei rahisi.