Mapenzi ya Nachingwea yanayosubiri riwaya

Ukitoka Ruangwa kwenda Nachingwea, mikorosho inakusindikiza pande zote mbili za barabara. Magharibi, ukishapita Liwale, ndiko liliko pori kubwa la Selous, ambalo tangu 2019 sehemu yake ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Tembo hawajui mipaka. Wakulima wa huku wanawafukuza mashambani. Kwa anayependa riwaya za mapenzi zenye pori, vita na historia, mandhari iko tayari. Na kisa kipo, tena cha kweli.

Nachingwea kuna mahali panaitwa Farm 17. Jina linatoka enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 kwa matrekta na mbwembwe nyingi, ukafa 1951. Reli yake nayo haipo. Baadaye Tanzania iliwapa Frelimo eneo hilo wafundishe wapiganaji wa kumng'oa Mreno Msumbiji. Leo pana shule, hivyo ukienda na watoto, omba ruhusa kwanza.

Mkuu wa jeshi lao alikuwa Samora Machel. Wengi tunamjua kama rais. Wachache wanajua kwamba kwa taaluma alikuwa muuguzi.

Josina Muthemba alifika Nachingwea 1967. Mwaka 1964 alijaribu kutoroka kwao, akakamatwa Victoria Falls, akarudishwa na kufungwa. Mwaka uliofuata akatoroka tena hadi Dar es Salaam. Alipewa nafasi ya kusoma Uswisi, akaikataa. Akaja kushika bunduki pamoja na wasichana wenzake.

Wakaoana Tunduru, Mei 1969, miezi mitatu tu baada ya Eduardo Mondlane kuuawa kwa bomu Dar es Salaam. Samora alikuwa na watoto kabla ya hapo, jambo ambalo mwandishi wa riwaya tamu angelificha. Mimi nisingelificha. Novemba mwaka huohuo Josina akajifungua mtoto wa kiume, Samito.

Josina ndiye aliyesimamia ustawi wa jamii wa Frelimo, yaani vituo vya kulelea watoto, wengi wao yatima wa vita. Mwanawe mwenyewe alimwacha kwa marafiki, akaingia porini Niassa kuona hali za watoto wa wenzake. Mwaka 1970 alianza kukonda na kuchoka. Alikwenda Moscow kutibiwa, akaambiwa apunguze kazi. Hakupunguza. Aprili 7, 1971, alifariki Muhimbili akiwa na miaka 25. Samito hakuwa ametimiza mwaka mmoja na nusu.

Msumbiji wameifanya tarehe hiyo kuwa Siku ya Wanawake, na wana haki. Lakini kwa kazi yangu ya kuandika habari za afya, ninamwona pia mama mgonjwa aliyeambiwa apumzike, na hapakuwa na wa kumshika mkono akae chini. Mama wa namna hiyo hata leo yuko, na ngoma anayotwanga haimsubiri apone. Riwaya yangu ningeianzia hapo, si kwenye bunduki.

Samora alioa tena 1975. Mkewe, Graça, naye alipitia mafunzo Nachingwea. Binti yao walimwita Josina.